Kibao cha STOP cha njano: ni cha kweli au ni cha kutengeneza?

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni dereva wa malori ya masafa marefu hapa Marekani. Kabla ya kuja huku nilikuwa nikipiga Dar–Tunduma. Juzi nilipumzika Oklahoma, kando ya ile barabara ya zamani ya 66, nikaingia kwenye duka la vitu vya kale. Nikakuta kibao cha STOP cha pembe nane, lakini ni cha njano, na herufi zake nyeusi zimejaa vioo vidogo vya mviringo. Muuzaji anaapa kwamba kilikuwa barabarani kweli. Mimi tangu nijifunze udereva najua STOP ni nyekundu. Halafu California nimeona vibao vya namba za barabara kuu vimekatwa umbo la ngao, wakati Texas ngao imechorwa ndani ya mraba mweusi. Kwa nini kila mahali na lake? Na hicho kibao, nikinunue?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa safari.

Kuhusu rangi, muuzaji wako hakukudanganya. Kwa takriban miaka 30, kuanzia katikati ya miaka ya 1920 hadi mwaka 1954, kibao rasmi cha STOP nchini Marekani kilikuwa cha njano. Dereva wa mwaka 1940 ungemwonyesha chekundu angekushangaa wewe. Kama hicho hasa ulichokiona dukani ni cha kweli ni suala jingine, nitakufikisha huko, lakini vumilia kwanza nikueleze kwa nini kilipakwa njano. Ukishaijua sababu utaweza kukikagua mwenyewe bila kutegemea kiapo cha mtu.

Watu wengi huvitazama vibao vya zamani kama mapambo ya ukutani. Mimi niliyetumia maisha yangu ya kazi kwenye uhandisi wa barabara naviona ni majibu. Kila umbo geni na kila rangi iliyoachwa ilikuwa jibu la mtu mwenye shida mezani pake: usiku ni mweusi, taa za gari ni hafifu, rangi inapauka kwa jua, bati ni ghali, na jimbo la jirani halishauriki. Shida ikishaisha, jibu lake hubaki limesimama barabarani peke yake, na hapo ndipo mpita njia anapoanza kushangaa.

Magari yalipoanza kuenea Marekani, vibao havikuwa kazi ya serikali. Barabara ndefu zilipewa majina na vyama vya watu binafsi, wengi wao wafanyabiashara wa miji iliyotaka wageni wapite kwao. Lincoln Highway, iliyotangazwa mwaka 1913 kutoka New York hadi San Francisco, ilitambulika kwa mistari ya rangi nyekundu, nyeupe na buluu iliyopakwa kwenye nguzo za simu. Dixie Highway ilikuwa na herufi DH. Njia za namna hiyo zilizaana hadi zikafika mamia, na mahali pengine nguzo moja ilibeba rangi za njia kadhaa, moja juu ya nyingine, dereva akawa anasoma nguzo badala ya kutazama mbele. Jimbo la Wisconsin ndilo lililotangulia kuachana na vurugu hiyo: mwaka 1918 liliziwekea barabara zake namba.

Kibao cha STOP kinachotajwa kuwa cha kwanza kilisimamishwa Detroit mwaka 1915. Kilikuwa bati jeupe la mraba lenye maandishi meusi. Miaka mitano baadaye, mwaka 1920, katika mji huohuo wa Detroit, askari polisi William Potts alifunga taa za barabarani za rangi tatu, na nyekundu ikawa ya kusimama kama ilivyokuwa kwenye reli tangu zamani. Kwa hiyo usidhani kwamba watu wa wakati ule hawakujua kuwa nyekundu ni simama. Walijua vizuri sana. Walichokosa ni rangi nyekundu ya kupaka kwenye bati ikadumu.

Mwaka 1922 watu watatu wa idara za barabara, W. F. Rosenwald wa Minnesota, J. T. Donaghey wa Wisconsin na A. H. Hinkle wa Indiana, walifunga safari kuzunguka majimbo kadhaa wakitafuta namna ya kuvifanya vibao vifanane. Mwaka uliofuata mapendekezo yakafika kwenye chama cha idara za barabara za majimbo ya bonde la mto Mississippi, na huko ndiko mfumo wa maumbo unaouona leo ulikoanzia. Kanuni yake ni nyepesi na kwangu ni mojawapo ya mawazo mazuri kabisa katika historia ya barabara: umbo lizungumze kabla ya maandishi, na kadiri hatari inavyokuwa kubwa ndivyo pembe zinavyoongezeka. Kivuko cha reli, ambako treni haiwezi kukukwepa, kilipewa mduara, uliohesabiwa kuwa na pembe zisizo na mwisho. Kituo cha kusimama kabisa kikapewa pembe nane. Tahadhari ya kona au mteremko ikapewa mraba uliosimamishwa kwa ncha, yaani lile umbo la almasi. Maelekezo na taarifa zikabaki kwenye mstatili. Namba za barabara zikaachiwa umbo lolote la kukatwa, ilimradi lisifanane na hayo mengine.

Fikiria kwa nini walianza na umbo. Taa za magari ya wakati ule zilikuwa dhaifu, na vibao vilipakwa rangi ya kawaida isiyorudisha mwanga. Dereva aliyekuwa akikaribia makutano usiku aliona kivuli cha kibao kabla ya kuona rangi, na rangi kabla ya kusoma. Kama kivuli tu kinatosha kumwambia "hapa simama", ameokoa sekunde kadhaa. Hesabu ya bati nayo inakubaliana na mpango huo: kukata duara au pembe nane kunapoteza mabaki mengi ya chuma, na hivyo ndivyo vibao vilivyohitajika kwa uchache zaidi. Wewe mwenyewe dereva unapita kila siku kwenye ule mduara wa njano wenye msalaba wa X na herufi RR kabla ya reli. Huo haujabadilika umbo tangu siku hizo.

Mwanzoni vyote vilikuwa vyeupe kwa maandishi meusi. Mwaka 1924 chama cha maafisa wa barabara wa majimbo yote, AASHO, kikachukua maumbo hayo na kuongeza jambo moja: vibao vya hatari viwe vya njano, STOP ikiwemo. Nyekundu ya wakati ule ilikuwa na kasoro mbili. Mchana ilipauka kwa jua upesi, ikageuka rangi ya waridi iliyochoka. Usiku ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu chini ya taa hafifu nyekundu inaonekana karibu nyeusi, na kibao cheusi kwenye giza ni sawa na hakuna kibao. Njano ilidumu juani na usiku ilijitokeza. Mwongozo wa kwanza wa AASHO, uliotoka mwaka 1927 kwa barabara za mashambani, ulikuwa na STOP ya njano yenye upana wa inchi 24, yaani sentimita 61, kwa maandishi meusi. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 1935, ambao kwa kifupi huitwa MUTCD na ndio unaotawala vibao vya Marekani mpaka leo, uliruhusu maandishi meusi au mekundu, lakini uwanja wa njano haukuguswa.

Sasa tuje kwenye vile vioo ulivyoviona, kwa sababu ndivyo vitakavyokusaidia dukani. Hivyo si vishanga. Wakusanyaji wa vibao wa Marekani huviita vifungo. Kila kimoja ni kipande cha kioo kilichovimba mbele, na mgongo wake umepakwa rangi ya fedha inayong'aa. Mwanga wa taa zako unaingia kwa mbele, kioo kinaupinda na kuukusanya, unagonga ule mgongo wa fedha kisha unarudi kulekule ulikotoka, yaani kwako wewe dereva. Mtu aliyesimama kando ya barabara haoni kitu. Aliyeko nyuma ya usukani anaona herufi zinawaka. Kwenye kibao chenyewe, herufi zilitobolewa matundu yaliyopangwa kwa mstari, na kila tundu likawekewa kifungo chake. Kwa hiyo usiku hukuwa unasoma rangi kabisa. Ulikuwa unasoma nukta za mwanga zilizounda S, T, O na P.

Baadaye vifungo vya plastiki vikachukua nafasi ya kioo, na teknolojia hiyo iliishi muda mrefu kuliko watu wengi wanavyodhani. Vile vibao vikubwa vya kijani juu ya barabara kuu vilitengenezwa kwa herufi za vifungo kwa miongo mingi, na majimbo kama Arizona na Ohio yaliendelea navyo hadi miaka ya 1990. Ukipita California au Arizona ukaona kibao cha kijani kilichozeeka, herufi zake nyeupe zina mistari ya nukta ndani yake, hao ndio wajukuu wa kile ulichokiona Oklahoma.

Kilichoviondoa vifungo ni kitu unachokijua vizuri zaidi yangu, kwa sababu bila hicho trafiki wa kwetu hakuachii upite: riflekta ya kubandika. Kampuni ya 3M ilibuni utando wenye chembechembe za kioo ndogo kama vumbi, ukaitwa Scotchlite, na kibao cha kwanza cha barabarani kutumia utando huo kilisimamishwa Minneapolis mwaka 1939. Utando wa mwanzo ulikuwa na tatizo: chembe za kioo zilikuwa wazi juu, mvua ikinyesha maji yanazifunika na kibao kinazimika wakati unapokihitaji zaidi. Ilibidi wajifunze kuzifunika kwa tabaka laini lisilopitisha maji. Faida yake ilikuwa kwamba kibao kizima kiliwaka, umbo na rangi na maandishi kwa pamoja, badala ya nukta tu.

Vita vya Pili vya Dunia vilichelewesha kila kitu. Mwongozo ukatolewa upya mwaka 1942 kama toleo la dharura ya vita, na chuma kikawa cha kuhifadhiwa kwa ajili ya jeshi. Vibao vingi vya miaka hiyo vilitengenezwa kwa mbao au mbao za kubanwa, na kwa sababu hiyo vichache sana vimesalia. Ukikuta STOP ya njano ya mbao iliyotunzwa, hiyo ni adimu kuliko ya chuma, ingawa macho hayaipendi.

Ndipo mwaka 1954, katika marekebisho ya mwongozo, nyekundu ikarudi. Kulikuwa kumepatikana enameli na utando wa rangi nyekundu visivyopauka na vinavyoonekana usiku. Enameli ni ileile ya vikombe na sahani za bati tulizokulia nazo nyumbani: unga wa kioo unaoyeyushwa juu ya chuma kwa moto mkali hadi ukawa ngozi ngumu. Jua haliwezi kuipausha. Adui yake ni kugongwa, maana hubanduka vipande na kutu ikaingia pale. Tangu hapo STOP ikawa nyekundu kwa maandishi meupe. Lakini hakuna aliyeamka asubuhi akakuta zote zimebadilishwa. Vya njano viliachwa vizeeke mahali pake, na kwa miaka kadhaa dereva aliweza kukuta chekundu kwenye makutano haya na cha njano kwenye yale.

Mwenzake STOP, kile cha kupisha, kina hadithi ya karibu na hapohapo ulipokuwa. Clinton Riggs, askari polisi wa Tulsa, Oklahoma, alisimamisha kibao cha kwanza cha "Yield" mwaka 1950 kwenye makutano ya First Street na Columbia Avenue, ambayo yalisifika kwa ajali. Cha kwake kilikuwa cha njano na hakikuwa pembetatu kamili: kilipanuka juu na kubana chini. Mwongozo ulikipokea mwaka 1954 kikiwa pembetatu iliyopinduliwa, bado cha njano, na nyekundu na nyeupe ya leo ilikuja mwaka 1971. Kwa hiyo ukikuta pembetatu ya njano dukani, usiseme ni bandia.

Kuhusu ngao za California na Texas, hapo shida haikuwa giza. Ilikuwa ni nani mwenye kibao.

Mfumo wa namba za kitaifa, ule wa US 1, US 66 na US 101, uliidhinishwa tarehe 11 Novemba 1926. Alama yake ikawa ngao iliyochukuliwa kutoka nembo ya taifa, na kwa kanuni ile ya maumbo ilipaswa kukatwa hasa, si kuchorwa. Ngao za kwanza zilikuwa bati la chuma lenye upana wa inchi 16, limekatwa kufuata mzingo wa ngao, na maandishi yamegandamizwa kwa mashine hadi yakainuka juu ya uso. Juu kabisa kulikuwa na jina la jimbo, chini yake herufi U S, kisha namba. Jina la jimbo lilikuwa na sababu: serikali ya kitaifa haikumiliki barabara hizo na haimiliki hata leo. Barabara ni mali ya jimbo, na kibao ni cha jimbo. Ngao ilikuwa ni makubaliano.

Kukata ngao moja moja ni kazi, inataka kalibu kwa kila ukubwa na kupoteza bati pembeni. Toleo la mwongozo la mwaka 1961 likarahisisha mambo: chora ngao nyeupe juu ya bati la mraba jeusi, ondoa jina la jimbo, ondoa U S. Fundi anakata mraba tu. Usiku, weusi unaozunguka ngao unaifanya ionekane vizuri hata nyuma yake pakiwa na taa za maduka. Majimbo mengine yalifuata. California haikufuata, na hadi leo inakata ngao zake na kuandika US juu. Huko vibao vilianza mikononi mwa vilabu vya wenye magari, cha kusini na cha kaskazini, ambavyo kwa miongo kadhaa ndivyo vilivyosimamisha vibao vya enameli barabarani kwa fedha za wanachama wao. Hata alama za barabara za jimbo, zilizokuja mwaka 1934 zikiwa na umbo la sepetu ya mchimba dhahabu na picha ya dubu, zilifungwa na vilabu hivyo. Dubu aliondoka na rangi ya kijani ikaja mwaka 1964, lakini sepetu imebaki. Mimi nasema waziri, meneja au mhandisi yeyote anayetaka kuiondoa ngao iliyokatwa ya California afikirie mara mbili. Inasomeka vizuri, haimpotezi mtu, na ni umbo lilelile la mwaka 1926.

Florida ilijaribu jambo ambalo nalipenda zaidi. Kuanzia mwaka 1956 kila barabara ya US katika jimbo hilo ilipewa rangi yake, na US 1 ikawa nyekundu. Kwa mgeni aliyeshuka kutoka kaskazini kwenda ufukweni, maelekezo yalikuwa mafupi: fuata ngao nyekundu. Kwenye makutano ya barabara nne ulihitaji jicho moja tu. Vilidumu hadi mwaka 1993, na kilichoviua ni fedha: kanuni ya kitaifa ilitaka nyeusi na nyeupe, na pesa za serikali kuu hazikuruhusiwa tena kulipia ngao za rangi. Vilivyochakaa vikabadilishwa kwa vya kawaida, kimoja kimoja. Arizona nayo, mwishoni mwa miaka ya 1950, ilitumia rangi kwa namna nyingine kabisa: rangi ilikuonyesha unakoelekea. Machungwa kaskazini, kijani kusini, kahawia mashariki, buluu magharibi. Wazo zuri kwenye karatasi, lakini lilimtaka dereva akariri jambo ambalo neno moja juu ya ngao lingemwambia, na halikumaliza miaka kumi.

Barabara za majimbo yenyewe ndizo zenye maumbo mengi kuliko yote, na kwa kazi yako utayaona mengi: alizeti la Kansas, mzinga wa nyuki wa Utah, kichwa cha George Washington katika jimbo lenye jina lake, jua la watu wa Zia huko New Mexico. Mawili mengine ya majimbo nataka uyajue kwa undani kidogo. New Hampshire inatumia sura ya mzee, ambayo ilikuwa mwamba halisi mlimani uliofanana na uso wa mtu ukiutazama kwa ubavu. Mwamba huo uliporomoka tarehe 3 Mei 2003. Uso umekwenda, vibao vimebaki, na jimbo halijavibadilisha.

Dakota Kaskazini mambo yalikwenda kinyume. Tangu mwaka 1923 alama yake ilikuwa sura ya Red Tomahawk, askari polisi kutoka kwa wenyeji wa asili, aliyekuwa kwenye kikosi kilichokwenda kumkamata Sitting Bull, kiongozi wa wenyeji hao, mwaka 1890, na ni mmoja wa waliompiga risasi kiongozi huyo. Kwa zaidi ya miaka 90 wenyeji wa asili wa jimbo hilo waliendesha magari yao chini ya sura hiyo. Mwaka 2016 jimbo liliamua kuiondoa na kuweka ramani yake tu. Ramani haina uzuri wa kuchora, lakini kibao cha barabara ni cha kila anayepita, na naona walifanya sawa.

Utaniuliza mbona zile barabara kuu za Interstate zinafanana nchi nzima. Kwa sababu zilikuja mwisho, na fedha nyingi zilitoka serikali kuu, hivyo serikali kuu ilikuwa na sauti. Ngao yake ya nyekundu na buluu ilichaguliwa mwaka 1957 kutokana na michoro iliyoletwa na majimbo, ule wa Richard Oliver wa Texas ukiwa msingi. Rangi ya vibao vikubwa vya maelekezo ilibishaniwa zaidi. Ofisi ya barabara ilisimamisha vibao vya majaribio kwenye barabara ambayo haijafunguliwa karibu na Greenbelt, Maryland, vikiwa na majina ya miji ya kubuni, Metropolis na Utopia, kimoja cheusi, kimoja cha buluu, kimoja cha kijani. Madereva wakapitishwa kwa mwendo wa barabara kuu kisha wakaulizwa. Asilimia 58 walichagua kijani, 27 buluu na 15 nyeusi. Kijani kikashinda, na ndicho unachoendeshea chini yake kila siku.

Na pembe nane zilifikaje Dar–Tunduma? Ulaya ilikuwa na mfumo wake wa pembetatu na duara zenye ukingo mwekundu, na Uingereza, iliyotuachia kuendesha kushoto, ilikuwa upande huo. Hata Uingereza yenyewe, kabla ya mwaka 1975, STOP yake ilikuwa duara lenye pembetatu ndani. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama za barabarani ndio ulioikubali pembe nane nyekundu kuwa alama ya kimataifa, pamoja na lile duara kama chaguo la pili. Tahadhari nazo zikaruhusiwa namna mbili, pembetatu au almasi. Ndiyo maana kwetu pembetatu ya Ulaya inasimama barabara moja na pembe nane za wale watu watatu wa mwaka 1922.

Sasa kibao chako. Rudi dukani ukiwa na tochi na futi ya kupimia, na uombe kukigeuza.

Pima kutoka ubavu hadi ubavu. Cha kabla ya vita kinatarajiwa kuwa karibu na inchi 24. Kikiwa kikubwa zaidi, kama 30, muulize muuzaji anakipa mwaka gani na kwa ushahidi gani. Kinyanyue: chuma cha zamani ni kizito, na bati jepesi la alumini halilingani na madai ya mwaka 1940. Pitisha kidole juu ya ukingo na herufi. Kama zimegandamizwa, mgongoni utaona mabonde yake. Kisha shika tochi karibu na jicho lako, si kwa mkono ulionyooka, usimame hatua kadhaa nyuma. Vifungo halisi vitakuwakia usoni, lakini si vyote kwa nguvu sawa, maana ile fedha ya mgongoni huliwa na unyevu kifungo kimoja kimoja. Vikiwaka vyote sawasawa vinaweza kuwa vimewekwa upya. Hiyo si dhambi, ila bei ishuke.

Mgongo ndio shahidi mkuu. Tafuta muhuri wa jimbo, wa mtengenezaji au wa karakana ya gereza, kwa sababu majimbo mengi yalitengenezesha na bado yanatengenezesha vibao magerezani. Angalia matundu ya bolti: kibao kilichokaa miaka juu ya nguzo kina duara la alama ya washa (kile kipete cha chuma cha chini ya bolti), chuma ndani yake kisafi kuliko nje, na mstari wima pale nguzo ilipokikinga na hali ya hewa. Wanaotengeneza bandia hukwangua rangi kila mahali kwa usawa. Jua na mvua haviko hivyo. Sehemu ya juu huumia kuliko ya chini. Ukikuta tundu la risasi, na vibao vya mashambani huku vingi vinayo, chungulia ndani yake. Kutu ikiwa nene na nyeusi, limepigwa zamani. Chuma kikiwa bado kinang'aa, mtu amelitoboa ili kukipa umri.

La mwisho ni karatasi. Muulize kilipatikanaje. Majimbo na miji huuza vibao vilivyostaafishwa, na muuzaji mwaminifu huwa na stakabadhi au walau maelezo yanayoeleweka. Katika majimbo mengi kumiliki kibao cha umma bila idhini ni kosa, na kuna sababu nzito: mwaka 1996 huko Florida vijana watatu waliuawa kwenye makutano ambayo kibao chake cha STOP kilikuwa kimeondolewa. Kwa STOP ya njano hatari ya kuwa imeibwa karibuni ni ndogo, kwa kuwa barabarani hazipo, lakini siku utakapotamani ngao ya California au chekundu cha miaka ya 1960, usitoe pesa bila karatasi.

Kikipita kwenye hayo yote, kinunue, na usikipake rangi upya. Kioshe kwa maji na sabuni laini, futa vifungo kwa kitambaa kikavu, na kwenye kutu ya ukingo paka mafuta mepesi tu. Ukikwama kwenye muhuri wa mgongoni, upige picha ya karibu kwa mwanga wa ubavu ili maandishi yajitokeze, unitumie nikusaidie kuusoma.